Kitunga Hairudi Mutupu

Nakumbuka ule mwaka tulikula viazi vitamu asubuhi na jioni, kwa sababu mvua ilikuwa imeozesha maharagi kwenye milima yote hapa Masisi. Jirani mumoja tu njo alibakia na maharagi kavu. Akatujazia kitunga. Tulipomaliza kula, nikatumwa kurudisha kitunga yake. Nikaona hatuna kitu cha maana cha kutia ndani, nikairudisha mutupu, tena nikiimba njiani.

Koko yangu, mama ya mama yangu, alinikuta mulangoni. Hakunipiga. "We mutoto, kitunga ya muntu inarudi mutupu? Umemuambia jirani tumeshiba, yeye afe!" Akachimba viazi vitatu, vidogo kama vidole vya mutoto, akanirudisha mulima muzima mu mvua. Nilikufa haya. Jirani alivipokea kwa mikono mbili.

Sasa wewe Neema, mwanangu, mujukuu wangu wa kwanza kusoma mpaka doktora. Ninajivuna, hata Walikale wamechoka kunisikia. Lakini leo nina hasira, na hasira ya muzee haitiwi sukari.

Mwaka jana ulikuja na profesa wako kutafuta ugonjwa wa sukari na wa moyo. Mulipima viuno vya wamama, mukapima tansio, ile presha ya damu, mukavuta damu. Mama Feza, aliyekubeba mugongoni ukiwa mudogo, njo alikuwa wa kwanza kunyoosha mukono. Mukaenda. Maharagi ilipandwa, ikavunwa, jibu hakuna. Kisha Mama Feza akaanguka shambani na jembe mukononi. Leo upande mumoja wa mwili wake umekufa.

Juzi ukarudi na profesa na sindano zingine. Nikakuuliza, "Tansio yake mulikuwa mumeiona?"

Ukaangalia chini. "Ndiyo, Koko. Ilikuwa juu sana. Lakini ile ilikuwa ya utafiti tu. Iko mu kompyuta."

"Kompyuta njo ilianguka shambani?"

Profesa akacheka kidogo. "Mama, tunaomba tu damu kidogo." Nikamuambia, "Mukono wangu siufungui mpaka majibu ya wamama yarudi kwao."

Usiniambie Koko alisoma myaka mbili tu. Kitunga niliijua mbele ya kalamu. Mwanangu, damu ya muntu ni kitunga yake. Amekupa ukiwa na njala ya kujua. Ukiona hatari, usingoje kitabu chako cha doktora kiishe. Panda pikipiki, kanyaga matope, gonga mulango, sema. Kama profesa hakukufundisha kurudi, basi mufundishe wewe. Doktora bila kurudi ni wizi wenye kuvaa kofia.

Mungu akupe miguu ya kurudi na mudomo wa kusema. Siku ya kuvikwa kofia yako ya doktora nitapiga vigelegele mpaka Sake wasikie. Lakini mukono mutupu haulambwi. Kesho ukija tena na sindano peke yake, utasikia kile profesa alisikia: "Mukono wangu siufungui mpaka majibu ya wamama yarudi kwao."