Bustani ya Gunia

Nikiwa kidato cha pili, shule yetu iliandaa maonyesho kuhusu namna ya kuishi bila kuharibu mazingira. Mimi na rafiki yangu tulichagua bustani ya gunia. Yeye alikuwa binti wa mkulima wa pale pale, mwenye ng'ombe na chai yake. Mimi nilikuwa mtoto wa kambi. Mama alitoka upande wa ziwani akiwa msichana, akaja kuchuma chai ya kampuni, nami nikazaliwa katika nyumba ya kampuni, chumba kimoja.

Wazo lilikuwa la mama. Kambini hakuna mwenye shamba, kwa hiyo alikuwa akijaza gunia udongo, anaweka kokoto katikati, anatoboa kando na kupanda sukuma wiki na managu. Alinyunyizia maji yaliyokwisha kuoshea vyombo. Sisi tulifanya vivyo hivyo. Rafiki yangu alileta samadi kutoka kwao, mimi nikachora michoro kwenye karatasi ya manila, na gunia letu likanawiri.

Siku ya maonyesho mvua ilinyesha tangu alfajiri. Tulilisukuma gunia kwa wilbaro hadi ukumbini. Jaji wa kwanza, mwanamke mpole, aliinama akaniuliza, "Na mtu asiye na shamba kabisa?"

"Huyo ndiye tuliyemfikiria, madam. Anahitaji tu mahali pa kusimamisha gunia."

Akatabasamu, akaandika. Alipoondoka nikamwona mama mlangoni. Saa hizo alipaswa kuwa kazini. Alikuwa bado na aproni ya plastiki ya kuchumia, inachuruzika maji, na wazazi wengine walimpisha wasije wakalowa. Nilidhani ameomba ruhusa. Nikamkimbilia.

"Mama, umekuja! Njoo uone."

Aliliangalia gunia kutoka pale pale. "Limependeza," akasema. Kisha akanishika mkono. "Wameleta mashine zingine. Sisi tunaochuma kwa mkono tumeitwa leo asubuhi. Kazi imeisha."

"Na nyumba?"

"Nyumba ni ya wenye kazi, nyathina."

Nyathina ni mtoto wangu, kwa lugha ya kwao. Aliniita hivyo tu nilipokuwa mgonjwa.

Mwalimu akaniita, jaji wa pili amefika. Rafiki yangu alinitazama usoni, akanong'ona, "Kuna nini?" Nikamgeukia jaji. Nilieleza habari za kokoto, samadi na maji machafu, yote niliyokuwa nimekariri, na sauti ikatoka vizuri kabisa. Nilipomaliza, mama alikuwa ameenda.

Tulikuwa wa kwanza. Tukachaguliwa kwenda maonyesho ya kaunti. Rafiki yangu aliruka akanikumbatia, nami nikapiga makofi kwa sababu wote walikuwa wanapiga.

Tulihama kabla ya siku ya kaunti, kwa lori moja na familia za majirani. Rafiki yangu alikuja kutuaga na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kwao.

"Nitawaambia majaji wa kaunti ni kazi yetu wawili," akasema.

"Sawa," nikamjibu. Hatukutazamana.

Kwa nyanya, ziwani, nilikaa muhula mzima bila shule. Mama aliendelea kuamka kabla ya jogoo. Alijifunga kitambaa kichwani, akavaa gambuti zake za kuchumia chai, kisha akaketi mlangoni mpaka jua likawa kali. Nyanya alimpita akienda kuteka maji. Hakuna kati yetu aliyethubutu kumwambia arudi kulala.