Maua ya Izote ya Ermelinda

Jina la Mama Shubiri Ermelinda alilipata Ijumaa Kuu ya mwaka jana, na kosa lilikuwa lake mwenyewe. Kwa haraka ya kuwahi kanisani, alikaanga maua ya mti wa izote kwa mayai bila kuyatoa mioyo, ile ya kijani ya katikati, michungu ajabu. Siku isiyo na nyama, ukoo mzima ukatema chakula. Chepe, ndugu wa mumewe, akampachika jina, likaganda.

Safari hii mama mkwe, Bi Tomasa, alikata maua kwenye izote za uzio wake, akamtupia kikapu.

"Ukituharibia tena, jiko namkabidhi Zoila."

Zoila ni mke wa Chepe. Ermelinda akameza hasira, akaketi barazani kuchambua: mioyo kwenye bakuli, petali nyeupe kwenye sufuria. Jua likapanda, vidole vikanata, hakubanduka.

"We shoga," Zoila akamtania, "unachambua maua au unasali rozari?"

"Vyote viwili, mwenzangu."

Akazichemsha petali, akazikamua, akazikaanga na kitunguu na nyanya, mwisho mayai. Mezani Chepe alianza kupekua sahani kwa kipande cha chapati ya mahindi.

"Shemeji, leo shubiri umeificha wapi?"

"Kula kwanza, maneno baadaye."

Chepe akala. Akaongeza sahani ya pili, akanyoosha mkono kuomba ya tatu. Ndipo Ermelinda akamwekea mbele bakuli la mioyo.

"Usije ukasema nimekunyima, shemeji. Hii ndiyo uliyokuwa ukiitafuta."

Meza nzima ikaangua kicheko, Zoila kuliko wote. Bi Tomasa hakucheka. Alifuta sahani yake kwa chapati hadi ikang'aa, akainuka, akatoa nyuma ya mlango ufito wake mrefu uliofungwa kisu cha kukatia maua. Hakuna mkwe aliyewahi kuushika.

"Yaliyo juu siyafikii tena. Kuanzia leo kata wewe."

Ermelinda aliupokea kwa mikono miwili, furaha imemjaa mpaka machozi yakamlenga.

"Na wewe Chepe," Bi Tomasa akageuka, "mke wa kaka yako anaitwa nani?"

"Ermelinda, mama."

"Sema kwa nguvu, majirani wasikie!"

"Ermelinda!" Chepe akapaza sauti, mdomo umejaa maua.