Pigo Lililotangulia

Kikulacho ki nguoni mwako, na aliyemla mume wangu ni kaka yangu wa tumbo moja. Nalisema mapema ili mtu asije akaniambia nisameheane na ndugu yangu kabla hajasikia.

Mume wangu alikuwa mpiga dramu katika bendi ya kaka. Walimwita Saa, maana hakuna aliyewahi kumkuta ametangulia mdundo wala amechelewa. Hata nyumbani hakutulia: alidunda ukingo wa meza, sufuria, mgongo wa mtoto anayebembelezwa. Nikimwambia, "Baba watoto, hebu tule kwa amani," alicheka, akahamia gotini.

Kisha hoteli waliyokuwa wakipiga kila Jumamosi ikalalamika kwamba dramu zinawakosesha wageni usingizi. Kaka akanunua pedi za umeme, vibao vyeusi vya mpira visivyotoa sauti ya maana mpaka viungwe kwa waya kwenye kompyuta. Alikuja nazo pamoja na fundi wake wa mitambo, wakatandaza nyaya sebuleni kwangu hadi nikakosa pa kukanyaga. Fundi aliipangia programu kazi: pedi hii ikipigwa itoe dramu ya mguu, ile itoe matoazi, ukigusa taratibu inong'one, ukitwanga iite. Mume wangu alichuchumaa pembeni, akipiga anapoambiwa piga.

Shida ilikuwa kompyuta yenyewe. Ilikuwa kuukuu, na ikiharakishwa sauti ilikwaruza. Fundi akaipa nafasi ya kupumua: ukipiga, sauti inatoka baadaye kidogo, chini ya kufumba na kufumbua. Mimi sikusikia tofauti yoyote. Mume wangu ilimkera kama kokoto kwenye kiatu.

"Inachelewa hii," alisema.

"Zoea tu, shemeji," kaka akamjibu. "Wewe piga mapema kidogo, itakutana na wenzio huko mbele."

Akazoea. Jioni baada ya jioni alikaa na zile pedi, akijilazimisha kupiga kabla ya mdundo ili sauti iangukie palepale panapotakiwa. Mtu aliyeishi maisha yake yote juu ya mdundo alijifunza kuishi mbele yake. Alitoka jasho, alitukana, alirusha vijiti, akaviokota. Na akaweza.

Ikafika sherehe ya wenye hoteli, ambayo ingeamua kama bendi inabaki au inafungasha virago. Asubuhi walijaribu vyombo ukumbini, kila kitu kikakaa sawa. Mume wangu akarudi nyumbani kuoga, nikampigia shati pasi, tukaenda pamoja.

Wimbo wa kwanza ulipoanza tu, hata mimi nikasikia mume wangu hayuko sawa na wenzake. Kila pigo lake lilitangulia. Mpiga besi aligeuza shingo kumtazama. Mume wangu akajivuta nyuma, akapitiliza, akachelewa. Akiacha kufikiri, mkono unarudi kulekule ulikozoeshwa. Kaka akashika maikrofoni: "Shemeji, unakimbizwa na nani?" Ukumbi mzima ukacheka. Wimbo wa pili fundi aliambiwa abonyeze midundo iliyokwisha kurekodiwa. Mume wangu akabaki kwenye kiti chake, vijiti mapajani, akitazamwa na watu waliovaa vizuri, mpaka sherehe ikaisha.

Hakuna aliyemfukuza. Kaka alisema tu, "Pumzika kwanza, shemeji. Umri nao una mambo yake." Mume wangu mwenyewe akaamini.

"Mkono umekwisha, mama watoto," aliniambia, akanionyesha kiganja, kana kwamba ningeona palipoharibika.

Hakudunda meza tena. Ile amani niliyokuwa nikiiomba nikaipata, na kila tonge likanipita kwa shida. Dramu yake kubwa ya zamani aliichana ngozi upande mmoja, akaiweka uani, akatandika nyasi ndani. Kuku wakawa wanataga humo.

Siku moja kaka akaja kula kwetu mchana, kajaa furaha. Hoteli ilikuwa imewabakisha, naye hakuacha kumsifu fundi.

"Yule ni balaa! Siku ile ya sherehe si aliazima kompyuta mpya mchana? Akaufuta ule uchelewaji wote. Ukipiga, sauti hiyo hapo!"

Kijiko cha mume wangu kikasimama hewani. "Siku ileile?"

"Ileile."

"Kabla ya kujaribu vyombo?"

"Baada. Wewe ulikuwa umeshaenda kuoga." Kaka akatafuna. Kisha akaacha kutafuna. "Kwani... sikukwambia?"

Mume wangu akakiweka kijiko mezani.

"Nilisahau, shemeji. Haki ya Mungu, nilisahau. Mambo yalikuwa mengi."

Namwamini, na hilo ndilo linaloniunguza. Angekuwa amekula njama ningepata mtu wa kumchukia sawasawa. Kumbe mume wangu alisahauliwa tu, kama mtu anavyosahau mwavuli.

"Basi nirudi?" mume wangu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba kupitishiwa chumvi.

Kaka akaiangalia sahani yake. "Sasa hivi fundi ndiye anayebonyeza. Hoteli wamemzoea. Si unajua mambo yalivyo."

Nilimnyang'anya ile sahani hajamaliza, nikamwonyesha mlango.

Kaka alipoondoka, mume wangu aliwasha redio. Akaweka kidole ukingoni mwa meza, akadunda wimbo mzima, mwanzo hadi mwisho. Hakutangulia. Hakuchelewa.

"Haukuwa mkono," alisema.

Akazima redio, akatoka uani. Nilimwona kupitia dirishani, amechuchumaa mbele ya dramu yake, anajaribu kumtoa kuku anayeatamia, na kuku hatoki.