Mjusi, Nanga na Mke Mwenza wa Ukutani

Saa moja asubuhi, mwanamke mwenye helmeti ya njano amesimama nyuma ya hospitali ya ghorofa tisa, rimoti mkononi, hedifoni masikioni. Mbele yake mashine yenye ukubwa wa sinia inaparamia ukuta taratibu, ikinguruma kama feni iliyochoka. Kila ikipanda kidogo inasimama, inagonga kigae kwa kinyundo chake, kisha inaendelea na safari.

"Kigae kizima kinajibu vizuri, kimeshiba," anasema bila kuondoa macho ukutani. "Kilichoachana na ukuta kinalia kama debe tupu. Ukikisikia hicho, hama. Usikae chini yake unapiga soga."

Wenzake kazini wanamwita Mjusi, na jina hilo halimkeri hata kidogo. Kwa miaka kumi na mitatu ameninginia kwenye kamba nje ya majengo marefu, akisafisha vioo na kugonga vigae kwa mkono wake mwenyewe.

"Hii roboti inafanya kazi yangu ileile," anasema. "Ila yenyewe haina bega la kuvunjika."

La kwake lilivunjika mwaka jana. Upepo ulimzoa akiwa katikati ya jengo, ukampeperusha kama nguo kwenye kamba ya kuanikia, ukambamiza kwenye nguzo. Alikaa nyumbani miezi kadhaa hawezi hata kujifunga kitambaa cha kichwa. Aliporudi, kampuni ilikuwa imeshanunua roboti inayopanda kuta. Feni iliyo tumboni mwake inafyonza hewa na kuigandamiza roboti yenyewe ukutani, na magurudumu yake ya mpira yanaisogeza.

Anaizungumzia kwa fahari, kama mzazi anayemsifu mtoto kwa majirani. Inaweza kukagua matangi ya maji, anasema, nguzo za madaraja, hata mabomba ya moshi ya viwandani. "Kuna mahali kumpeleka mtoto wa mwenzio ni dhambi. Hii unaituma, unabaki chini unakunywa maji."

Kwa hiyo mashine aliipokea kwa mikono miwili. Kilichomkaa kooni ni habari ya Nanga.

Nanga ni mumewe. Miaka yote hiyo Mjusi alipokuwa akishuka, yeye alikuwa juu ya paa akichunga kamba. Hawakuwa na redio ya mawasiliano, na kupiga kelele hakufai kitu kwenye upepo, basi wakazungumza kwa kamba yenyewe. Mke akivuta mara mbili, maana yake niko salama. Mume akijibu kwa kuvuta mara moja, maana yake nimekusikia.

Roboti ilipokuja, msimamizi alisema mashine inayojishika yenyewe haihitaji mtu wa kuishika. Nanga akarudishwa nyumbani.

"Alikuwa anaamka, anavaa buti, halafu anakumbuka hana pa kwenda," anasema Mjusi, na sauti inamshuka. "Iliniuma sana. Mimi niliyeshikwa nina kazi, yeye aliyenishika hana."

Leo ni siku ya jaribio. Meneja wa hospitali, mama mmoja asiyependa maneno mengi, amesimama na msimamizi nyuma ya utepe wa tahadhari. Akiridhika, kampuni itapewa majengo yote ya hospitali, na yatakaguliwa kwa utaratibu huuhuu wa leo. Mjusi amepanga kwamba kazi ikiisha salama, msimamizi akiwa bado anatabasamu, atamwomba amrudishe mumewe.

Nanga hakungoja kuombewa. Alfajiri alipanda paani na kamba yake mwenyewe, akaifunga kwenye chuma imara na kuteremsha ncha moja, mkewe akaifunga kwenye roboti. Msimamizi alipofika alifoka.

"Mzee, nani kakuita?"

"Sijaitwa, bosi," Nanga alijibu kutoka juu. "Nimekuja kumwangalia mke mwenza!"

Mafundi walicheka mpaka wakashika mbavu. Msimamizi akamwacha. "Haya, kaa na kamba yako. Ila usije ukaniambia ulikuwa kazini."

Sasa mashine imefika ghorofa ya tatu, chini kidogo ya dirisha. Ghafla inasita. Magurudumu yanazunguka bure, mngurumo unapanda, na kabla Mjusi hajabonyeza chochote, inateleza upande na kung'oka ukutani.

"Jamani!" anapiga yowe mtu mmoja.

Kamba inakaza. Roboti inabaki hewani, inabembea kama ndoo kisimani. Juu, Nanga ameketi nyuma ya ukingo wa paa, miguu ameitanua, uzito wote ameuegemeza mgongoni. Kisha anaiteremsha polepole, mpaka inatua mikononi mwa mkewe.

Mjusi anapapasa gurudumu, ananusa vidole, anashika kichwa. "Sabuni!"

Asubuhi na mapema alikuwa ameona uchafu wa ndege chini ya dirisha lile. Akapanda ndani hadi ghorofa hiyo, akainama nje ya dirisha, akausugua kwa brashi na povu, akausuuza harakaharaka mteja asije akaukuta.

"Kosa ni langu, bosi," anamwambia msimamizi bila kuzungukazunguka. "Mkono wangu ukiona uchafu ukutani hauniulizi. Miaka yote nimefundishwa kuwa sabuni ndiyo heshima ya ukuta. Huyu mwenzangu kwake ni utelezi."

Meneja hamsikilizi. Anatazama juu. "Yule aliye paani ni nani?"

Msimamizi anakohoa kidogo, anarekebisha kola ya shati. "Yule? Yule ni… ni mshika kamba wetu."

"Wetu tangu lini?" ananong'ona Mjusi, akiuma midomo asicheke.

"Asikosekane hata siku moja," anasema meneja. "Hapa wanapita wagonjwa na ndugu zao. Na huo ukuta ukauke kwanza, ndipo muendelee."

Wanasuuza upya, safari hii kwa maji matupu. Wakati jua likikausha vigae, Mjusi anaeleza mipango yake. Anataka wenzake wote wa kambani wafundishwe kuendesha mashine hizi, na kila mashine iwe na mtu wake juu ya paa. Baada ya hospitali anayatamani matangi ya maji, kisha madaraja.

"Tutazipeleka kila mahali, utaona," anasema. "Ila sitaki ije mashine, mtu aliyebeba uhai wangu aambiwe akalale."

Ukuta umekauka. Anafunga kamba tena kwenye roboti, anakagua fundo, anakagua tena. Halafu, badala ya kuchukua rimoti, anaishika ile kamba na kuivuta mara mbili.

Kisha kamba inavutwa kutoka juu, mara moja.

Machozi yanamlengalenga, naye hayafichi. Anayafuta kwa mkono wa ovaroli, anavaa hedifoni, anaipigapiga mashine mgongoni.

"Haya, mke mwenza, panda," anasema. "Umeshikwa."