Shule Iliyohamia Kanisani

Askari wa Katanga walipoligeuza jengo la shule yetu kuwa makao yao, nilikuwa darasa la mwisho, na kati yangu na sekondari ya masista kulikuwa na mtihani mmoja tu. Baba alikuwa karani wa reli, mzaliwa wa Kasai. Katika miezi ile ya kujitenga kwa jimbo letu na nchi, watu wa Kasai walihesabiwa maadui, na asili hiyo ilitosha kumfanya mtu abadilishe njia kila asubuhi akienda kazini. Jirani zetu Wakasai waliondoka nyumba baada ya nyumba kwenda kambi ya wakimbizi nje ya mji, magodoro vichwani. Nilijua zamu yetu inakuja. Niliomba jambo moja: ije baada ya mtihani.

Padri wa parokia yetu hakuwa na mlinzi wa kutupatia. Alikuwa na kanisa lililokaa tupu kila siku baada ya misa ya alfajiri, na hilo akalitoa. Tulipiga magoti sakafuni tukaandika juu ya mabenchi, wavulana upande wa wanaume, wasichana upande wa wanawake, maana hata hesabu hazikuweza kuivunja desturi ile. Aliyepata jibu sahihi aliruhusiwa kusimama.

Siku ya kwanza mwalimu wetu, Mkasai kama sisi, alifanya kosa. Kengele ya shule ilibaki kwa askari, basi akavuta kamba ya kengele ya kanisa katikati ya asubuhi. Katika parokia yetu kengele ya wakati huo ilikuwa na maana moja: msiba. Punde wanawake wakaingia na mikeka na mabakuli ya unga, baadhi wameshaanza kulia. Aliyewatangulia alikuwa kiongozi wa akina mama wa parokia, mjane wa fundi wa reli, yeye mwenyewe mzaliwa wa kaskazini ya Katanga.

"Mwalimu, ni nani alikufa?"

"Hakuna, mama. Naita batoto ku masomo."

"Hakuna? Na miye nimelia toka ku bomba mpaka hapa!" Akatutazama tulivyopiga magoti. "Na hawa, balifanya zambi gani?"

Tulicheka, jambo ambalo tulikuwa tumelisahau. Mwanamke mmoja akauliza kama arudi na unga wake. Mjane akakataa, kwa kuwa kwao unga uliotolewa kwa kilio haurudi jikoni kwa mwenyewe. Adhuhuri tukala bukari, ugali wa unga ule, uani, na tangu hapo akina mama wakapokezana kupika. Walikaa mlangoni wakichambua sombe, majani ya muhogo. Askari wakipita, walianza rozari kwa sauti, nasi tukafunika madaftari tukaitikia. Leo kazi yangu ni elimu, nami nimeketi katika mikutano mingi inayotafuta namna kanisa na shule zitakavyoshirikiana. Kila mara huwakumbuka wanawake wale, waliokuja kumlilia maiti wakatukuta hai, na wenye njaa.

Lakini unga haukuweza kuzuia yaliyofuata. Asubuhi moja mwalimu hakuja. Mkewe alisema amechukuliwa na askari barazani kwake, hata viatu hakuruhusiwa kuvaa. Padri akashika chaki mwenyewe. Siku hiyohiyo baba akarudi mapema, shati limechanika begani.

"Tunaenda ku kambi leo."

"Baba, mutihani iko karibu. Mama wa kanisa anasema nitalala kwake."

Mjane mwenyewe alikuwa amenisindikiza, amesimama mlangoni. "Niachie huyu mumoja, baba. Atafanya mutihani, kisha nitamuleta."

Baba hakukasirika. Alimuuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia: "Na bakimukuta kwako, mama? Batoto yako batafanywa nini?"

Nilimtazama mjane usoni nikimsihi kimya apate jibu. Yeye akaingia ndani, akapiga goti kando ya godoro letu, akaanza kulikunja.

Kambini hapakuwa na shule. Palikuwa na matope, moshi, na watoto waliokohoa chini ya maturubai. Siku ya mtihani ilinikuta kwenye foleni ya maji. Baba alikuja akasimama kando yangu. Akachukua ndoo mkononi mwangu, akashika nafasi yangu, nami nikaenda nyuma ya hema nikalia mpaka sauti ikakauka.