Fimbo ya Pinki ya Fundi

Juzi mwanangu mdogo alikuwa anachezea kitu nyuma ya mlango wa chumba changu cha kushonea, nikasikia krrr, kimya kidogo, halafu krrr tena. Mkasi ukanisimama mkononi. Mlio ule hauniji peke yake. Unanijia na harufu ya mafuta ya cherehani, tope la bwawa na perege mbichi, na kila ukinijia najikuta nimenyoosha mgongo kama mtu anayeitwa mbele ya shule kupewa zawadi. Mtanivumilia, leo nimeamua kujisifu.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani pale Vwawa, kwenye baraza ya duka la chumvi na mafuta ya taa. Siku sita alishona au alikwenda kanisani. Ile ya saba, Jumamosi, ilikuwa ya bwawa. Kulikuwa na bwawa kwenye shamba moja la kahawa, mwendo wa saa nzima kwa miguu kuelekea Nanyala, na mwenye shamba aliwaruhusu watu kuvua ilimradi wasiguse kahawa yake. Baba alikwenda na mwanzi wake, boya la kizibo na kopo la nyungunyungu, akarudi jioni na perege wa kutosha nyumba nzima. Kwetu nyama ilikuwa ya Krismasi na Pasaka. Samaki wa baba ndiye aliyetufanya tusiwe watu wa maharage mwaka mzima.

Nilipokuwa darasa la tano, mambo yakaanza kuharibika. Baba alirudi na kapu tupu Jumamosi moja, ya pili, ya tatu. Mama alipouliza, alijibu, "Siku hizi boya linanidanganya." Jumamosi ya nne hakwenda kabisa. Alikaa kwenye kigoda uani, mikono juu ya magoti, akisikiliza kuku. Na barazani nako hakukuwa shwari. Suruali ya mwalimu mmoja ilirudishwa mara mbili kwa sababu ya mfuko uliokwenda upande, na mama wa kwaya fulani alisema mbele za watu kwamba fundi wetu amekuwa mvivu. Mimi niliumia kwa ile kauli, kwa sababu aliyekuwa anamtungia baba uzi kwenye sindano kila siku baada ya shule ni mimi, na nilijua anavyotoka jasho.

Nikamsikia mama jikoni akimwambia shangazi, "Akikosa cherehani na akakosa bwawa, huyu mwanaume atakaa wapi?" Sijasahau sauti yake. Hakuwa analalamika, alikuwa anauliza kweli.

Dawa ilitoka kwa madereva wa malori. Walikuwa wakisimama Vwawa na kumletea baba nguo za kutia viraka, na mmoja wao, mtu aliyezoea kwenda Zambia, akamweleza kwamba kule wanavua perege kwa fimbo maalumu yenye kigurudumu cha kukunjia uzi. Unarusha, uzi unakwenda mpaka katikati ya maji, na samaki akiuma unamsikia kwenye kidole. Boya halihitajiki. Baba alimfanya yule dereva arudie maneno hayo ya mwisho mara tatu.

Hela ya majoho ya kwaya aliyoyashona ilipoingia, akatenga sehemu yake. Ilikuwa hela ya mara moja, tukikosea hakuna nyingine. Usiku wa kuamkia safari tulikuwa tunakula, akasema bila kuinua kichwa, "Kesho naenda Tunduma kununua fimbo. Nakwenda na binti yangu. Yeye ndiye atakayechagua." Kaka yangu Yohana, aliyekuwa na miaka kumi na sita na aliyejiona anajua kila kitu cha duniani, aliacha tonge hewani. Mama akasema, "Mtoto wa kike na fimbo za kuvulia wapi na wapi?" Baba akajibu, "Nimeshasema." Sikulala. Nilikuwa na furaha, lakini na hofu pia, maana nilielewa kabisa kwamba nikichagua kitu kibovu baba atarudi kwenye kile kigoda, na safari hii mwenye kosa nitakuwa mimi.

Tunduma ya miaka ile ilikuwa vumbi, honi na foleni ya malori yanayongoja kuvuka mpaka. Baba aliniwekea mkono begani tangu tuliposhuka na hakuutoa. Nilidhani anaogopa nisije nikapotea. Tulimkuta Bwana Athumani, mfanyabiashara aliyetoka Kondoa ambaye baba alikuwa ameshamtumia salamu kwa madereva, kofia nyeupe kichwani, kwenye kibanda kilichojaa vitu vilivyotumika kutoka ng'ambo: dainamo za baiskeli, mablanketi, masufuria, pasi za mkaa. Alikuwa akimaliza na mteja wa Kizambia, salamu za Kibemba, "Mulishani mukwai" huku na "mukwai" kule, akatugeukia.

"Karibu fundi. Fimbo zipo, zililetwa na mtu wa kule kwenye migodi ya shaba. Kijana wako yuko wapi achague?"

"Huyu hapa," baba akasema, akanisukuma mbele kidogo.

Bwana Athumani alinitazama, akamtazama baba, akaziweka mezani bila kusema neno. Namheshimu kwa hilo mpaka leo.

Zilikuwa fimbo nne. Ya kwanza ilikuwa nene na nzito, nyeusi inayong'aa, na ndiyo aliyoisifu. Niliishika ncha nikaikunja kidogo, haikukubali. Nikamwambia baba inafaa kupigia ng'ombe. Akacheka, akasema, "Mdomo wa perege ni kitambaa cha hariri. Ukimvuta kwa kitu kigumu, unachana." Basi nikajua natakiwa kufanya nini. Nilikuwa natakiwa kuchagua kama ninavyochagua sindano kwa kitambaa.

Mfukoni nilikuwa na kipande cha bitana, vile vipande laini vya kushonea ndani ya koti, nilivyokuwa nakusanya kutengenezea wanasesere. Kila fimbo ina vipete vidogo ambamo uzi unapita. Nikakipitisha kile kitambaa kwenye kipete kimoja baada ya kingine, taratibu. Fimbo ya pili, kitambaa kikanasa kwenye pete ya tatu. Kulikuwa na ufa mdogo kama unywele, na ufa huo ungekata uzi siku ya samaki mkubwa. Ya tatu ilikuwa na pete mbili zilizoliwa na kutu. Ya nne kitambaa kilipita kama kinapita kwenye maji. Nyepesi, ncha laini, kiuno kigumu kidogo, inaungwa katikati na haichezi. Bei yake ilikuwa nusu ya zile nyingine.

Ila ilikuwa pinki. Simaanishi wekundu uliopauka. Naongelea pinki ile ya magauni ya wasichana wanaomsindikiza bibi harusi, kutoka mpini mpaka nchani.

"Hiyo nakwambia kweli fundi," Bwana Athumani akasema, "ni nzima kuliko zote. Rangi ndiyo imeikalisha hapa. Wanaume wanaishika, wanaisifu, halafu wanairudisha."

Nilimtazama baba. Baba aliipitishia fimbo ile kiganja chote, juu mpaka chini, akaikunja, akaiachia, akasikiliza inavyotetemeka. "Sisi hatuna shida na rangi," akasema. Jamani, nilimpenda baba yangu siku ile. Nikajiambia hakuna mwanaume mwingine Mbozi nzima mwenye ujasiri huo.

Kigurudumu nilikichagua kwa sikio. Kikubwa cha kung'aa kilikuwa na mchanga tumboni, ukizungusha kinasaga. Kidogo cheusi kilizunguka kama bobini ya cherehani iliyotiwa mafuta jana. Kwenye uzi ndipo ulipotokea ubishi. Bwana Athumani, wapagazi wawili na dereva mmoja aliyepita tu njia wote walisema nichukue ule mnene. Tunduma ni mji wa kufunga mizigo, na kwao uzi mzuri ni ule unaovuta gari. Mimi nikauvuta kati ya kucha, nikakuta umekauka, ukiuachia unajikunja wenyewe. Nikachukua mwembamba, nikaupitisha mdomoni kutafuta mikwaruzo, nikaufunga fundo, nikalilowesha kwa mate, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Haukukatika, ulinikata mimi kidole. Nikasema, "Huu."

"Utalia, binti," dereva akasema.

Baba akalipa.

Jumamosi iliyofuata tukaenda bwawani wawili, mkono wake begani kwangu, fimbo ya pinki imesimama juu yetu kama bendera. Wanaume walikuwa wameshajipanga ukingoni na mianzi yao. Niliona wanavyogongana viwiko. Kijana mmoja akafungua mdomo, "Fundi, mbona hiyo fim..." Mzee Simkoko, mkubwa wa bwawa lile kwa umri na kwa ukali, alikuwa akiutazama ule mkono wa baba begani kwangu. Akamkatiza palepale: "Wewe angalia boya lako." Halafu akasema polepole, "Fundi, fimbo yako nzuri." Baba akashukuru. Nikajua tumewashinda.

Mara ya kwanza baba aliporusha, chambo kilianguka miguuni petu. Ya pili kilinasa kofia yangu. Ya tatu uzi ulitoka unaimba, ukaenda ukaenda, mpaka kwenye maji meusi ya katikati ambako mwanzi haujawahi kufika. Akaweka uzi juu ya kidole cha shahada, akainamisha kichwa, akafumba macho. Tukakaa hivyo muda mrefu hata miguu ikaniuma. Kisha kidole kikashtuka.

Krrr. Uzi ukaanza kutoka. Nilishika mdomo wangu kwa mikono miwili. Uzi ule mwembamba nilioubishania na mji mzima ulikuwa umenyooka juu ya maji, nikawa nausubiri ukatike. Baba hakuvuta. Kile kigurudumu kina kitufe cha kukaza na kulegeza uzi, sawasawa na kile cha kwenye cherehani, na vidole vyake vilikipata bila kutafuta. Akalegeza kidogo, akakaza kidogo, akalegeza, kama anashona kitambaa kinachotaka kukimbia. Alipomfikisha ukingoni, perege yule alikuwa mpana kuliko sahani yetu ya wageni.

Mzee Simkoko akauliza, "Nani kakuchagulia vyombo hivi?"

"Kachagua binti yangu," baba akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya pili.

Jioni ile mama alikaanga samaki saba, na Yohana alikula wawili bila kunitazama usoni. Baba hakurudi tena kwenye kigoda. Kushona kulimshinda kidogo kidogo, mimi nikachukua cherehani nikiwa bado sijamaliza sekondari, lakini bwawa halikumshinda. Alivua kwa fimbo ile miaka kumi na minne, na alileta perege wa kula na wa kuuza.

Mmeshaelewa, bila shaka. Mimi nilichelewa. Nilikuwa mtu mzima tayari, nimeolewa, siku daktari alipommulika baba macho na kuniambia ana mtoto wa jicho pande zote mbili, wa miaka mingi. Nikahesabu nyuma: zile sindano, boya, mkono begani, Mzee Simkoko na ule ukali wake wa ghafla. Nikaona aibu, tena nikaona na uchungu. Ile heshima yangu yote ya Tunduma, kumbe mzee alikuwa anatafuta mtu wa kuwa macho yake tu.

Walimfanyia upasuaji, jicho moja kisha lingine. Siku tulipomrudisha nyumbani alimtazama mama kwa muda, akamwambia, "Umezeeka." Mama akajibu, "Na wewe hujajiona." Tukacheka mpaka tukalia. Halafu akazunguka nyumba akigusa na kutazama, akafika nyuma ya mlango, akasimama.

"Hii nini?"

"Fimbo yako, baba."

Akaitoa nje kwenye jua. Akaigeuza. Akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali.

"Miaka yote hii," akasema, "nimepita nayo barabarani hivi?"

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unaona. Nilidhani una ujasiri." Nikashindwa kujizuia, nikalitoa lililokuwa likinikaa moyoni tangu kwa daktari. "Baba, kumbe ulinichukua kwa sababu ya macho tu."

Akaniangalia, kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu akaniangalia kweli. "Macho yalijaa nyumbani," akasema. "Yohana alikuwa na macho. Mama yako alikuwa nayo. Nilitaka mtu ambaye akishika uzi anajua."

Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, siku ya gulio, barabara imejaa watu, baba alinyoa ndevu, akavaa shati jeupe nililomshonea, akaichukua fimbo. Nikamwambia naweza kuipaka rangi nyeusi, ni kazi ya dakika chache. Alitoka nayo begani vilevile, mimi nyuma yake na kapu, na safari hii mkono wake haukuwa begani kwangu. Pale kituo cha mabasi kijana mmoja wa bodaboda alicheka wazi, akamuuliza, "Mzee, na fimbo ya rangi hiyo?"

Baba alisimama. Akaitazama fimbo, kutoka mpini mpaka nchani, kama mtu anayeisoma. Kisha akamtazama yule kijana machoni.

"Kachagua binti yangu," akasema, akaendelea na safari.