Chai ya Fundi wa Mikanda

Mikanda inayotumika kuwavuta watu hadi ndani ya helikopta za kikosi cha uokoaji hushonwa na mama mmoja mnene, na hakuna mkanda unaotoka karakanani kabla hajajifunga, akaning'inia kwenye boriti, akanywa chai kikombe kizima, miguu ikibembea kama mtoto. Siku ya mafuriko rubani alisimama mlangoni, roho mkononi.

"Mama, kuna mtu juu ya paa."

"Mshono mbovu hauachii papo hapo, mwanangu. Unangoja." Akapuliza chai.

Jioni rubani aliurudisha mkanda ukichuruzika tope. "Walikuwa wawili. Mama alimbana mtoto kifuani, tukawavuta pamoja."

Fundi aliufua, akauanika, akaukagua uzi kwa kidole gumba. Ulipokauka akapanda tena kwenye boriti, na safari hii akaomba vikombe viwili.